Kaburi la babu limevunjwa

Delrose, sikia yaliyotokea leo.

Binamu Everald amekuja na tingatinga na amri ya korti. Kesi ya shamba la ukoo haijaisha, ila jaji amemruhusu asawazishe uwanja. Shangazi Icilda akakalia kaburi la babu, panga mkononi. "Thubutu, mwanaharamu! Utanizika hapa hapa!"

Everald aliposogea, shangazi akamkata begani. Begani, Delrose! Damu mpaka kwenye saruji!

Askari waliokuja na Everald wakamburuta shangazi, tingatinga likavunja kaburi.

Wakili wetu akafoka kwenye simu: "Kwa nini hamkuniletea karatasi ya amri? Amri kama hiyo hukatiwa rufaa kesi ikiendelea! Mlikuwa na siku kumi na nne!"

Shangazi alidhani rufaa husubiri hukumu. Karatasi aliyoletewa ilikaa wiki tatu ndani ya Biblia yake, penye Zaburi ya 35, ile ya kumwomba Mungu apigane na adui, akiiombea ife.