Magodoro ya majirani

Jumanne

Na sukari yao majirani wamerudi nayo.

Maiki mpya ndiyo iliyoniponza. Inanasa kila kitu, hata bati likilia kwa jua, na chumba ninachorekodia kinarudisha sauti kama tangi tupu. Sponji za ukutani za kunyonya mwangwi, zinazouzwa Mombasa, bei yake siiwezi, na wimbo unatakiwa Ijumaa. Basi asubuhi nikapita kwa majirani nikiazima magodoro na mikeka. Sikusema ni ya nini. Nani hapa Garsen atanipa godoro lake nilitundike ukutani?

Nilisahau kwamba kwetu mtu akikusanya magodoro, amefiwa na anatafutia waombolezaji pa kulala.

Nilikuwa nikirekodi ubeti wa pili, sauti imetulia ajabu, mlango ukafunguka. Mama Hawaju wa nyumba ya pili aliingia akilia kwa sauti, sukari ya rambirambi mkononi, wanawake wa mtaa nyuma yake.

"Mwanangu, nani ametuacha?"

"Hakuna, mama. Nazuia mwangwi."

Akatazama ukuta, akaona godoro lake linaning'inia. Nilidhani nitapigwa. Kwa woga nikamvisha hedifoni nimsikilizishe alivyonaswa akilia. Kilio kilitoka safi kuliko uimbaji wangu wote.

Alisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba.

"Rudia," akasema. "Hapo mwisho sikulia vizuri."

Tumerekodi tena, na wenzake wakaitikia. Godoro ameniachia.

Sijamwambia kwamba wimbo ni wa harusi.