Gemu ya Vitalis

Baba Vitalis,

Nimewahi dukani Gerezani. Maharage yameungua. Kula mkate na chai, na usininunie.

~~Chintan akija, mpe gemu.~~ Chintan akija, mwambie gemu ya marehemu mwanetu haiuzwi tena.

Asubuhi niliichomeka nione kama bado inawaka. Ile ya ngumi ni kelele tu. Ya magari tamu, unakimbia huku umekaa. Lakini hiyo ya kupanga matofali! Ukidhani umekwisha, linashuka tofali refu linakuokoa. Ndiyo maana Vitalis alikuwa haitiki nikimwita.

Sheria yake unaikumbuka: anayekufa anampa mwenzake pedi ya kuchezea. Nilipokufa nikainyoosha kushoto, alipokuwa akikaa, bila kugeuka.

Maharage yaliungua nikisubiri aipokee.

Mama Vitalis