Mtumbwi Ulioingia Ufukweni Peke Yake

Kitwe, Zambia

Kwa mdogo wangu Shija,

Mwangaluka. Huenda ukaisoma barua hii jioni, lakini nikikikumbuka kijiji chetu cha Mkula, salamu ya asubuhi ndiyo inayonitoka kwanza. Goti lako limepoa? Mvua imeiacha pamba salama? Mimi mzima. Jicho la kulia limepasuliwa na kupona, sasa nasoma gazeti mwenyewe, na shemeji yako analalamika kwamba nimeanza kuona vumbi kwenye makochi.

Ile video uliyonitumia ya mashindano ya mitumbwi nimeiangalia mara nyingi. Mitumbwi ni mirefu kuliko yetu, na vijana wanapiga kafi kwa pamoja kama watu wanaotwanga. Nimesikia pia spika ikitangaza kwamba mwakani kikombe kitakabidhiwa na "bingwa wa zamani anayeishi Zambia." Umetoa jina langu bila kuniuliza, Shija. Wabeja, nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini siwezi kukubali kabla hujajua jambo moja, maana wakati ule ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Kwenye video, walioshinda wanaruka mchangani na kucheza huku mtumbwi wa mwisho bado uko majini. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia. Sisi tulishindana kila mwaka baada ya kuvuna pamba, wakulima wa juu na wavuvi wa ufukweni. Walionuniana mwaka huo, kwa sababu ya ng'ombe aliyeingia shambani au mahari isiyokwisha, walikalishwa ubao mmoja, maana kafi haliendi sawa ukiwa umemnunia wa pembeni yako. Aliyeupita kwanza mti wa mwisho uliosimikwa majini ndiye mshindi, na kila mtu ameona. Ila hagusi mchanga. Anageuza mtumbwi, anawafuata waliobaki nyuma, kisha wote wanaingia ufukweni pamoja. Ziwa lilikuwa limeshachukua watu wa pande zote mbili. Siku hiyo tulionyeshana kwamba hakuna atakayeachwa majini.

Mwaka niliopewa kukaa nyuma na kuongoza mtumbwi wetu, wavuvi walitutania tangu asubuhi. "Watu wa ng'ombe hao!" aliita Malimi, kiongozi wa mtumbwi wao. "Mtumbwi mmeuleta kuunywesha maji?" Nikaapa moyoni kumfunga mdomo.

Sisi ndio tuliotangulia kuupita mti wa mwisho. Nikageuka, nikaona mtumbwi wa Malimi umeachia ubao, watu wanachota maji kwa vibuyu. Niliona vizuri kabisa, Shija. Nikaelekeza wetu mchangani, nikaruka, nikainua kafi juu.

Vigelegele vikakatika. Baba akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Umefika na nani?"

Nikashusha kafi. Mtumbwi wa mchuuzi wa samaki uliokuwa karibu ndio uliowavuta akina Malimi hadi ufukweni. Malimi alishuka akikamua shati, akaniambia, "Mwana wa ng'ombe, ulikuwa unawahi malisho?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikajificha ndani ya kicheko hicho. Sikumwomba radhi. Pamba ilipokwisha kuuzwa nikapata kazi huku, na kwa kuwa nilikuwa mbali, watu walibaki na habari ya ushindi tu. Niliiacha ikue. Nimewasimulia hata wajukuu zangu, nikikomea pale kwenye mti.

Nasikia Malimi yu hai, anashona nyavu nyumbani kwa mwanawe. Nenda umsomee barua hii yote, usiruke mstari. Mwambie ninamwomba radhi, yeye na wote aliokuwa nao majini. Kisha iambieni kamati irudishe ule utaratibu wa mshindi kugeuza, hata kama kikombe kitachelewa.

Msalimie mkeo, na mwanao mwalimu, na binti yako anayeuza dagaa mnadani. Msalimie sana dada yetu Kulwa. Yeye alikuwepo ufukweni siku ile, na miaka yote hii hajanitajia. Mwambie sasa anaweza kusema.

Malimi akisema nije, nitapanda basi hata kwa mkongojo. Akinyamaza, usimbembeleze. Futa jina langu, na umwombe yeye akabidhi kikombe.

Kaka yako,
Nkwabi