Tiki Moja Ndiyo, Tiki Mbili Hapana

Mpenzi wangu wa zamani, Atu,

Kamwene. Nimeanza na salamu ya huko Iringa uliko sasa, usije ukasema sisi wa Mbeya hatuna adabu. Na barua hii nimeiacha wazi kwa makusudi. Mapenzi yetu yalipita kwenye simu ya upepo, hii redio ya kuitana, vituo vyote vikasikiliza, Mbeya mpaka Iringa. Leo nifiche nini?

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja Ubaruku na Landrova ya ofisi kuwafungia simu pale kwenye shamba la mpunga. Wewe karani umesimama mlangoni, mkono kipajini, unaniangalia napanda mlingoti wa antena bila kamba huku napiga mluzi. Mtu aliyefika Ndola na Lusaka apande na kamba? Ukaniita, "Shuka, kaka! Ukitufia hapa nani atatuonyesha inavyowashwa?" Nikashuka nimeshapenda.

Miezi ile ya kwanza simu ikiugua nilikuja, na wewe ulinipikia wali na kambale. Halafu petroli ikawa ya shida, bosi akaninyima gari. "Rekebisha kwa mdomo," akasema. Mwingine angelia. Mimi nikajisifu mji mzima kwamba naitengeneza Ubaruku nimekaa Mbeya na kikombe changu cha chai.

Na kweli niliitengeneza. Kila asubuhi saa mbili niliita vituo. Siku maiki yako ilipogoma, wewe ulinisikia vizuri, ila sauti yako haikutoka. Ukibonyeza kitufe nilisikia "tiki" tu. Nikakupa sheria: tiki moja ndiyo, tiki mbili hapana.

"Taa nyekundu inawaka?" Tiki.

"Maji ya betri yamepungua?" Tiki, tiki.

"Waya wa maiki umechomoka?" Tiki moja, ya kuchelewa.

Nikakuelekeza polepole pa kuuchomeka, mpaka sauti yako ikarudi: "Mbeya, nakusikia. Sasa utakuja lini? Ova."

Nikacheka mbele ya mafundi wenzangu. "Nije kufanya nini, na imeshapona? Ova."

Ikawa kila baada ya wiki mbili, waya uleule. Na mimi bingwa kila mara naurudisha kwa dakika tano, karakana nzima inanipigia makofi. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini waya mmoja unachomoka hivyo.

Aliyejiuliza ni yule wa kituo cha Iringa. Naye alikuwa anasikia yote. Fundi gani yule, hata betri anaifunga kinyume! Siku moja akanikata katikati ya maelezo: "Kamwene, Ubaruku! Usihangaike, dada. Nakuja mwenyewe."

Nikamwambia, "Iringa, toka hewani, kazi imekwisha!" Alipanda lori la mbolea mpaka Igawa, akakodi baiskeli, akaisukuma kwenye tope la masika. Safari mara mbili ya yangu, kuja kutengeneza kitu kizima. Mwaka haukuisha mkaoana.

Mimi nilipopewa gari, wewe ulishahamia Iringa. Nilikwenda Ubaruku kubadilisha betri. Mlinzi, Mzee Masanja, yule aliyehama na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akanishikia ngazi. Nikiwa huko juu nikajigamba, "Mzee, kituo hiki nimekilea kwa mdomo!"

Akanitazama kama anavyotazama ndama aliyekwama. "Fundi, ule waya binti alikuwa anauchomoa mwenyewe. Nikimuuliza anasema, leo atakuja tu. Anakaa hapo, wali ameufunika na sahani."

Nilishuka ile ngazi nimeishika kwa mikono miwili, Atu. Mimi, wa kupanda bila kamba.

Wivu? Ninao, tena wa kugawia watu. Namwonea mumeo wivu kwa lile tope lililoingia kwenye viatu vyake. Naionea wivu hiyo maiki yenu. Kila asubuhi unafungua kituo cha Iringa, "Mbeya, habari za asubuhi," sauti safi haina hata mkwaruzo, na mimi nauchukia usafi wake. Haiharibiki kwa nini? Juzi nimeombea radi ipige mlingoti wenu. Nikaifuta haraka ile dua, nikakumbuka mna mtoto mchanga.

Kesho saa mbili nitaita vituo kama kawaida. Wakishajibu wote, nitanyamaza kidogo. Usiseme kitu. Kama una raha huko, bonyeza mara moja. Mumeo atasikia, mwache asikie, ndiyo kazi aliyoianza zamani. Nakuombea iwe moja, na nimeomba kwa kupiga magoti kabisa, wenzangu wakinicheka.

Ila zikija mbili, safari hii siulizi kama taa inawaka, nakuja.

Ni mimi,
Fundi wako ambaye hakuja