Gari Nililolisifu

Kismayu, Jumatano

Kwako dada yangu Barke, Chovae.

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na baba, na mama goti liwe limempa nafuu. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sina la kuusifia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi ni hodari wa porojo. Nikiisikia sauti yako nitaanza tena.

Huku joto ni lilelile. Gari lenu bado liko karibu na bandari, pale lilipozimikia na moshi ukawatoa abiria mbio. Wapitao wanamcheka mumeo. Wanasema Sheikhan aliharibika masikio kwa kuzamia kambakoche, hakuisikia injini ikigonga, akaiua kwa mkono wake. Nimesikia nawe umelishika neno hilo, ndiyo maana umerudi kwa baba na unadai talaka.

Dada, ikumbuke siku ya kununua. Sheikhan alikuwa ameshauza mashua yake, mkaniita mimi, dereva wa ukoo, nilikague gari. Nikafungua boneti, nikapigapiga bodi, nikamwaga maneno. Nilisema injini bado mbichi, haijaguswa na fundi. Nikasema gari lina pumzi, mafuta halinywi, linanusa tu, na ukilikanyaga linapaa. Wewe ulicheka mpaka mtandio ukakuanguka, ukauliza kama tunanunua gari au tunaposa mwari. Sheikhan hakucheka. Alinisogelea, akanigeuzia sikio lake lenye afadhali, akaniuliza polepole kama injini inalia vizuri, maana yeye mwenyewe hawezi kujua. Nikamwambia imetulia, ukiiwasha hujui kama imewaka.

Sasa nisikie, dada, na Mungu anipe uso wa kukutazama tena. Mimi si dereva. Sijawahi kuwa. Miaka mitatu hii naosha magari nyuma ya soko, na maneno yale yote nimeyaokota vinywani mwa madereva huku nikisugua matairi yao. Baba alikuwa ameshaitangazia Chovae nzima kuwa mwanawe anaendesha gari mjini, nikaona haya kumkanusha.

Lililo baya zaidi ni hili. Gari lile nililiosha mimi, asubuhi ileile. Dalali aliyekuwa akiliuza aliniambia niisafishe injini, nikaona ina ufa uliozibwa kwa gundi na oili inachuruzika. Nikaipangusa oili, nikaing'arisha injini, bila kujua mnunuzi ni nani. Kabla ya adhuhuri mkatokea nyinyi, mkaniona karibu na gari mkadhani napita tu, mkaniita. Dalali akawa ananitazama tu, anajua kuwa sitathubutu. Ningewaambia kuna ufa, mngeniuliza nimeuonaje. Wallahi, mchu mzima mimi, nikaisukuma ndoo yangu nyuma ya ukuta kwa mguu, nikaja kuwasifia gari.

Kwa hiyo mumeo hakuua kitu. Injini iliuzwa mbovu, kwa mkono wangu na kwa mdomo wangu, na yeye aliyeniamini ndiye anayechekwa. Usimwache, dada. Kama kuna wa kumkasirikia, nipo hapa.

Jumatatu nilimwendea nikamweleza yote. Ilinibidi nipaze sauti kwa ajili ya masikio yake, hata majirani wakatoka kuchungulia, nami nikarudia kwa sauti ya juu zaidi pale asiposikia. Nilitaraji anipige. Yeye akaniomba tu nisikuandikie. Alisema yeye ameshazoea kuchekwa, lakini wewe una mdogo mmoja tu wa kujivunia.

Ombi lake nimelivunja. Nisalimie mama, mwambie namwombea dua. Baba msomee barua hii yote, usimrukie hata mstari. Wasalimie jirani zetu, na Mungu akurudishe salama nyumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Mzamil