Mzee Nyangwine Waitara na Ala Iliyongoja Msumarini

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi 1976 Bwana alipokuita ukiwa nyumbani kwako Turwa.

Pale sokoni Tarime ulipokuwa ukishona viatu amekaa fundi mwingine. Wapo wateja ambao mpaka leo wanafika, wanamwangalia, halafu wanaondoka na viatu vyao mkononi.

Tunakumbuka upole wako. Mama alipoanza darasa la jioni la kisomo cha watu wazima, wanaume wengine walicheka. Wewe ulitoa kisu chako kidogo cha kukunja, kile chenye mpini wa pembe, ukamchongea penseli. Ulifanya hivyo kila siku ya darasa, ukaijaribu ncha kiganjani, ukasema, "Haya, mwanafunzi, nenda. Ugali nitasonga mimi." Ugali wako ulikuwa na madonge. Tuliula na kumshukuru Mungu.

Visu ulivipenda, na kila aliyekufahamu alijua. Jumapili baada ya ibada ulitandika ngozi ya ng'ombe uani, ukavipanga: vya kukunja upande mmoja, vya ala upande mwingine. Rafiki zako walikuja na vyao. Mzee Maftah alifunga bucha akaja na visu vyake vimefungwa kwenye kanga ya mkewe. Mzee Mniko alitoka Nyakunguru. Hamkupeana kisu mkono kwa mkono. Mwenye kisu alikiweka juu ya ngozi, akasimulia kilikotoka, ndipo mwingine akakiokota. Kabla ya simulizi, hakuna aliyekigusa.

"Hiki chako, Nyangwine," Mzee Maftah alikuwa akisema, "nikiingia nacho machinjioni, ng'ombe watacheka."

"Wacheke tu. Chako wanakililia, maana kwa ubutu wake kinawachelewesha kufa."

Mlicheka mpaka chai ikapoa.

Mwaka ule watu walipohamia vijiji vya ujamaa, Mzee Mniko alibomoa nyumba ya marehemu baba yake. Ndani ya nyasi za paa akakuta kisu cha mzee. Alikuletea siku ya soko, akasema, "Kishonee ala. Habari zake nitawasimulia Jumapili." Kilikuwa cheusi kwa moshi, na katikati ya makali palikuwa na pengo.

Ulishona ala nzuri kuliko zote ulizowahi kushona. Kisha, kwa wema tu, ukachukua tupa ukalisugua lile pengo mpaka likaisha. Ulitaka kisu cha rafiki yako king'ae siku ya Jumapili. Wewe uliyetufundisha tusiguse kabla ya simulizi, siku ile ulisahau.

Jumapili ilipofika, Mzee Mniko alipitisha kidole gumba kwenye makali. Akapitisha tena.

"Pengo liko wapi?"

"Nimeliondoa, ndugu yangu. Sasa hata ndevu kinanyoa."

Akakirudisha kisu juu ya ngozi. Ndipo akasimulia. Utotoni mguu wake ulinaswa na tanzi la waya porini. Baba yake alishindwa kulifungua, akaukatakata waya juu ya jiwe kwa kisu hicho hadi ukakatika, na makali yakamegeka.

"Baba hakuacha picha, Nyangwine," alisema. "Aliacha lile pengo."

Akakifunga kisu kwenye kitambaa, akaondoka. Ala akaiacha juu ya ngozi.

Uliitundika kwenye msumari karibu na mlango. Ulikwenda Nyakunguru kuomba radhi. Alikuchinjia kuku, mkala pamoja, lakini kisu hukukiona, na uani kwako hakurudi. Jumapili zilizofuata uliacha nafasi yake wazi juu ya ngozi. Katika sala zetu za jioni ulimtaja kabla ya kututaja sisi wanao.

Ulipokuwa mgonjwa, Mzee Maftah alikuja kukuchekesha kama kawaida yake. "Mzee, hiyo ala nipe mimi. Nina kisu kinachoienea."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ina mwenyewe," ukasema. Kisha ukatugeukia: "Msiitoe hapo."

Hatukuitoa, Baba.

Siku ya kukuzika mzizi mnene ulizuia jeneza. Mzee Mniko, aliyekuwa amesimama mbali na watu, alisogea, akashuka kaburini, akaukata. Alipanda juu akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi, akaenda zake bila kula. Hatukuweza kumsemesha.

Jumapili iliyopita tulifanya sala ya kukukumbuka. Tulipotoka kaburini tulimkuta Mzee Mniko uani, pamoja na Mzee Maftah. "Shemeji Teresia," akamwambia Mama, "ngozi ya Nyangwine bado ipo?"

Mama akaitandika. Mzee Mniko akaweka kisu cha baba yake mahali pake pa zamani. Kwenye makali palikuwa na pengo.

"Kisimulie," akasema Mzee Maftah.

"Nilipokuwa nakata ule mzizi kaburini, kiligonga jiwe."

Mzee Maftah akakiokota, akakigeuza. Mazoea ni mazoea. "Kwa tupa hili pengo linaondoka mara moja."

"Acha kabisa, muuza nyama wewe! La kwanza lilikuwa la baba. Hili ni la Nyangwine."

Wote wawili walicheka, halafu wakalia, na Mama akaanzisha sala. Tuliomba sote, Mzee Maftah akiwa amekinga mikono yake kwa dua.

Kisha Mzee Mniko alisimama, akaenda mlangoni, akaishusha ala akakichomeka kisu ndani. Kiliingia barabara. Ulikuwa umekipima vizuri.

Unakumbukwa na mkeo Teresia, wanao Rubeni, Nyangi na Hezekia, mdogo wako Heche, wajukuu, na rafiki zako Maftah na Mniko, ambao wamesema watakuja tena Jumapili ijayo.

Mungu akupe pumziko la amani. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Msumari tumeuacha ulipo, Baba, lakini hauna kitu.