Ile Picha ya Gari Letu Kwenye Paking ya Walemavu

Nyumba ya kona,
Mtaa wa Kenanga,
Taiping, Perak.
Jumatano, 28 Februari 2024

Mpendwa Dada Rohaya,

Assalamu alaykum. Nakubusu mkono kwa mbali, ila uoshe kwanza, maana huko jikoni unakowapikia wazee wa Perth najua unashika vitunguu kutwa. Hujambo wewe? Shemeji Ridhwan mgongo wake vipi, umepoa? Na watoto, Hazwani na Iqmal, bado wanakumbuka lugha yetu au sasa wanaomba chumvi kwa Kiingereza?

Sisi huku wazima. Bibi yetu Opah mzima, anakula, anagombana, na sukari yake imetulia. Suhana mke wangu mzima. Mimi ndizi zangu za kukaanga zinatoka, mwili nao unaongezeka. Nikienda mahali tumbo linafika kwanza, mimi nafuata.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu unanikatiza. Juzi nilisema "haloo" tu, ukaongea mpaka chaji yangu ikaisha. Karatasi haikatizwi. Sasa kaa, soma, na ukitaka kufoka, fokea masufuria.

Ni kweli, yule mtu kwenye ile picha ya Fesibuku ni mimi. Gari ni letu, lile jekundu. Na pale lilipopaki ni pale pale, mbele ya soko, kwenye mchoro wa kiti cha magurudumu. Mimi nimebeba mkungu wa ndizi begani, nimekenua meno yote. Suhana alinisomea maneno ya watu mpaka akakaa chini kwa kucheka. Mmoja kaandika, "Huyu mlemavu wa haya." Mwingine, "Mkungu wote huo anaubeba, kilichovunjika ni nini, dhamiri?" Huyo alikuwa ameniweza.

Lakini picha haikuonyesha kila kitu. Opah alikuwemo garini, kiti cha nyuma. Biskuti yake ilikuwa imeviringika chini ya kiti, akainama kuitafuta. Na stika iliyo kwenye kioo ni yake, ya halali, alipewa na halmashauri baada ya mguu wake mmoja kukatwa kwa ajili ya sukari, mwaka uliofuata wewe kuondoka.

Ngoja nikueleze mambo ya hiyo stika, maana yamepita mengi hujui. Kila mtu mjini anajua kwamba stika bila mwenyewe ni kosa. Basi mtaa wetu ukaamua, kama ni hivyo, mchukue na mwenyewe! Cik Normah akitaka kwenda saluni, anampitia Opah. Mwalimu Latif akienda benki, anampitia Opah. Harusi, kliniki, duka la vitambaa, Opah yumo. Bibi yako alikuwa anaazimwa kama ngazi.

Na mwenyewe alifurahi, usione hivi! Asubuhi tu keshajipaka poda, kajifunga kitambaa kizuri, yuko barazani. Nikipita ananiuliza, "Nani leo?" kama binti anayegombewa na wachumba. Wanamwacha garini, vioo chini, feni mkononi, mfuko wa biskuti mapajani. Jioni anarudi na habari za mji mzima, nani kaachwa, nani kajenga. Tulikuwa tunakaa naye barazani, mvua inapiga kama kawaida yake, anatusimulia alivyoviona kupitia kile kioo. Zilikuwa siku nzuri zile, dada. Mpaka leo nazikumbuka.

Ila hakushuka hata siku moja. Ukimwambia twende ndani, leo jua kali, kesho mvua, keshokutwa "nitawachelewesha." Tukamwamini. Kumwamini kulikuwa rahisi kuliko kukikunjua kiti chake cha magurudumu.

Na wewe unamkumbuka alivyokuwa na miguu yake. Alfajiri, vikapu viwili vya kuih, zile keki zake za nazi, mikononi, sisi tunakimbia nyuma yake na hatumfikii. Wewe umebeba majani ya mgomba, mimi nimebeba njaa. Wanawake wa soko walikuwa wanamwita Treni. Unaikumbuka meza yetu, chini ya lile paa la mbao, jirani na Ah Moi wa vibua? Tui la nazi, majani ya mkadi, maji ya samaki yanapita katikati ya vidole vya miguu. Mvua ikipiga paa, Opah anapaza sauti kuishinda mvua, na mvua inashindwa. Na ile siku alipogundua nawauzia watu wa reli kuih kwa bei yangu mwenyewe, akanifukuza na upawa soko zima! Ulicheka mpaka ukadondosha trei. Mimi niliona niko mbali, kugeuka, yuko mgongoni.

Haya, turudi kwenye picha. Aliyeipiga unamfahamu. Ni Arokiasamy, yule wa reli, aliyekuwa anakula kwenye meza yetu kila asubuhi. Siku hizi naye hana mguu mmoja, na anaendesha mwenyewe gari la kuongozwa kwa mikono tu. Siku ile alizunguka soko akitafuta nafasi, akazunguka tena, akatuona sisi tumekaa pale, akapiga picha, akaenda zake nyumbani bila samaki. Mimi sikumwona. Wiki iliyofuata ndiyo alinikamata uso kwa uso.

Akasimamisha gari nyuma yangu, kichwa nje ya dirisha. "Wewe wa ndizi! Unaumwa nini?"

"Siyo mimi mjomba, mgonjwa yuko ndani."

"Kila wiki mgonjwa wako yuko ndani! Atatoka mwaka gani?"

Watu wakaanza kujaa. Unanijua, nikiona watu nami napanda bei. Nikamwambia stika halali, mwenye stika yumo, ita mgambo kama unaweza. Akamwita! Mgambo akaja, kijana mwembamba, kofia inamzidi kichwa. Akachungulia ndani, akajikuna.

"Bibi anashuka?"

"Hashuki," nikasema, "jua kali."

"Sasa kama hashuki, kaka, si akae garini popote? Hata kule karibu na choo. Huu upana umewekwa ili mlango ufunguke wote, kiti kipite. Ni wa mtu anayeshuka."

Kioo cha nyuma kikashuka.

"Samy? Wewe si Samy wa reli?"

"Mama Halijah!"

"Mguu wako uko wapi?"

"Ulikokwenda wako, Mama. Kuih zako ndizo zilizoukata."

"Nilikufunga kamba ule? Ulikuwa unafagia trei zima kabla ya treni ya kwanza!"

Wakacheka wale wazee wawili, mgambo akacheka, na mimi nikajua yameisha, nikaanza kupakia ndizi zangu. Kumbe Samy hakuwa amemaliza. Akaacha kucheka, akasema polepole.

"Lakini Mama, mimi nikija hapa nashuka. Nikiikosa nafasi hii narudi nyumbani, maana kwingine kote gari la jirani linanibana, siwezi kutoa kiti. Wewe unakaa humo na biskuti. Shuka, Mama. Ukishuka, nafasi ni yako, nami nitazunguka bila neno. Usiposhuka, umekalia miguu yangu."

Kioo chetu ni kile cha kuzungusha kwa mkono, kigumu, hata mimi kinanitoa jasho. Opah alikizungusha mwenyewe mpaka juu.

Tukirudi tulipita pale kwenye doriani, na harufu ikaingia kote, asiseme hata "simama ninuse." Hapo nikaogopa.

Kesho yake Cik Normah huyo, nywele ziko tayari kwa saluni. "Opah, twende?"

"Twende. Lakini leo nashuka."

"Unashuka kwenda wapi?"

"Saluni. Kwani mimi nina manyoya? Nina nywele."

Cik Normah akakitazama kile kiti cha magurudumu, akatazama gari lake dogo, akakumbuka ghafla ameacha wali motoni. Mwalimu Latif naye alipokuja akaambiwa hivyo hivyo, akasema leo benki ina foleni. Mmoja mmoja wakapungua. Siwalaumu sana. Ukishamshusha Opah, ukakunjua kiti, ukampandisha ngazi, ukamrudisha, si bora upaki mbali utembee?

Baraza likawa kimya, dada. Poda anapaka kama kawaida, kitambaa anafunga kama kawaida, anakaa. Lakini akaacha kuniuliza "Nani leo?" Maneno yote ya Fesibuku hayakuniuma kama hilo.

Siku moja Suhana anampaka mafuta kile kigutu cha mguu, mimi namenya ndizi pembeni, Opah akasema bila kututazama, "Jua halinisumbui. Nawaogopa wale wanawake wa soko. Waliniita Treni. Treni gani inasukumwa?"

Mimi si mtu wa kumpa mtu moyo, mimi najua kuuza ndizi. Nikamwambia, "Opah, umewahi kuona behewa linalojiendea lenyewe? Yote yanasukumwa au yanavutwa, na watu wanalipa nauli." Akanirushia kitana. Kikanipata sikio. Suhana akanong'ona, "Amepona."

Jumamosi akasema, "Toa kiti."

Tukapaki pale pale penye mchoro. Nikafungua mlango mpaka mwisho, kiti kikaingia ubavuni bila kugusa gari la mtu. Miaka yote nimepaki pale na sikuwahi kujua ile nafasi ina kazi gani. Opah akanikumbatia shingo, nikamweka kitini, akakunja saruni yake pale mguu ulipoishia, akanyoosha kitambaa. "Sukuma," akasema. "Usiende mbio."

Tulipoingia upande wa samaki, visu vikanyamaza. Nakuapia. Watu wakasimama na samaki mkononi. Barafu ilikuwa inadondoka maji, nasikia tone moja moja. Opah alikuwa amenishika kifundo cha mkono, kucha zimezama. Nikafikiria nigeuze kiti tutoke.

Ah Moi, siku hizi mvi tupu, akainua kichwa. "Halijah! Umechelewa! Vibua vizuri vimeisha!"

Na Opah, hapo hapo: "Hivi vilivyobaki umevivua lini, enzi za Mwingereza?"

Dada, soko lilipasuka! Wakamzunguka, huyu anamshika shavu, huyu anajipangusa machozi kwa mkono wenye magamba. Yeye hana habari, anafunua mashavu ya samaki mmoja mmoja, anakosoa. Kucha zake zilikwishaniachia, hata sijui saa ngapi.

Baadaye akataka nimpeleke kwenye meza yetu. Pale sasa kijana anauza vifuniko vya simu. Opah akakaa akitazama, akavuta pumzi, akasema, "Bado pananuka mkadi." Mimi nilichosikia ni plastiki tu. Lakini nilisema ndiyo, Opah, pananuka, na nikavuta tena, na kidogo nikasikia.

Tukiwa hapo tukasikia honi nje. Piiii! Piiii! Mgambo akaja mbio kofia mkononi, kasema Mzee Arokiasamy amefika, anataka nafasi.

"Mwambie azunguke," akasema Opah. "Aliahidi, bila neno."

Neno alilitoa, tena mengi, kwa Kitamil, sokoni kote yalisikika. Alizunguka mpaka tukatoka, akamkuta Opah na mfuko wa vibua mapajani, akampiga picha nyingine akaiweka juu ya ile ya kwanza. Chini akaandika, "Nusu nilikosea." Ile nusu nyingine ameiacha, na mimi sijamwomba aifute.

Sasa kila Jumamosi wanawahiana. Opah ananiamsha mapema, asije Samy akatutangulia. Akitangulia, Opah ananiambia zunguka, naye anamtukana kwa upole kupitia dirishani. Wamekubaliana kwenda pamoja halmashauri kudai nafasi ya pili. Nawaonea huruma wale wa ofisini.

Jambo la mwisho, na hili usilisome juu juu. Miaka yote ukipiga simu ya picha unaona uso na kitambaa tu. Ni yeye aliyetuambia tuishike simu karibu na kidevu. Jana kasema Jumapili niisimamishe mezani, mbali, umwone wote, na mguu. Hujawahi kuuona. Nakuomba usilie mbele yake, subiri ukate simu. Muulize bei ya vibua. Atakujibu mpaka chaji iishe.

Msalimie sana Shemeji Ridhwan, wabusu Hazwani na Iqmal. Suhana anakusalimu, Mwalimu Latif anakusalimu, na Ah Moi anauliza kama kuna vibua Perth. Cik Normah naye anakusalimu, ila nywele zake siku hizi hazina mpango. Mungu akulinde kwa ugeni wako, akupe afya na wanao, akurudishe siku moja ukisukume hiki kiti mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinifokea,

Sabri wa ndizi